Mtaalamu, Ujerumani Wamesemaje?

Tangu Jumamosi sipiti mbele ya kijiwe cha kahawa. Wakiniona tu, mmoja anapaza sauti, "Mtaalamu, Ujerumani wamesemaje?" na waliobaki wanashika mbavu. Mpaka mtoto wa muuza maji ameshajifunza kuuliza, na yeye hajui Ujerumani ni mji au ni mtu.

Habari yenyewe ni hii. Kamati ya manunuzi ya SACCOS yetu ilinipa kazi ya kutathmini kompyuta mpakato: moja ya maana kwa ajili ya mweka hazina, na nyingine za bei ya chini kwa ajili ya makarani. Niliandika ripoti. Ripoti ilikuwa na jedwali, na jedwali lilikuwa na rangi. Kipengele cha mwisho kilisema, kwa herufi nzito, kwamba kila mashine iliyotumika ifutwe na kuanzishwa upya kabla ya kukabidhiwa. Mpaka leo nasema kipengele hicho ni sahihi, na anayebisha alete ripoti yake.

Mkutano mkuu ulipofika, mwenyekiti akaamua kufuta kwenyewe kufanyike hadharani, kwa ajili ya uwazi. Wanachama waliwahi kuambiwa kuna jenereta na haikuwepo. Safari hii walitaka kuona kwa macho. Mashine ya mweka hazina ikawekwa mezani, waya wa projekta ukachomekwa, nami nikaanza kuifuta huku katibu akisoma muhtasari wa mkutano uliopita. Muhtasari ulikuwa mrefu na mashine ilikuwa na diski ya SSD, kwa hiyo walimaliza karibu pamoja. Ikajiwasha, ikaomba intaneti, nikaipa hotispoti ya simu yangu. Ikafikiri. Kisha pale ukutani, juu kabisa ya kichwa cha mwenyekiti, ikatokea nembo ya buluu, jina refu la kampuni ya Ujerumani ambalo silitaji, maneno ya kumkaribisha mfanyakazi, na ombi la barua pepe ya kazini pamoja na nywila.

Mzee mmoja wa safu ya mbele akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa kanzu, akalisoma lile jina herufi kwa herufi. Halafu akanigeukia kwa upole mwingi.

"Mwanangu, huyu mwenyewe anajua kama unayo?"

Nikamjibu kwamba hili ni jambo dogo la kiufundi, mzee wangu. Mama mweka hazina akanisogelea, akaninong'oneza, "Si uandike tu hiyo barua pepe ya ofisi, baba, tuendelee?" Kukaa kimya kulikuwa kubaya zaidi, nikaanza kuandika.

Hapo ndipo kibodi nayo ilipoingia kwenye ajenda. Kibodi za Ujerumani zina Z pale tulipozoea Y, na Y pale tulipozoea Z. Kariakoo tatizo hilo wanalimaliza kwa vibandiko: kila kitufe kinavalishwa kipande cheusi cha nailoni chenye herufi nyeupe. Kile cha Y kwenye mashine yetu kilikuwa kimeinuka pembe moja, na kwa chini Z ya kiwandani ilikuwa inachungulia. Maadamu Windows imepangwa kwa Kiingereza, kibandiko kinasema kweli. Lakini mashine ilikuwa imeshakumbuka kwao, na mpangilio umerudi wa Kijerumani. Nikaandika "mwenyekiti", ukutani pakatokea "mwenzekiti". Nikafuta, nikaandika taratibu kitufe baada ya kitufe; "mwenzekiti". Nikatafuta alama ya @, nikapata alama za kunukuu. Safu za nyuma, ambazo habari ya nembo ilikuwa imezipita pembeni, hili zililielewa papo hapo.

"Mwenze wa nani tena?" akauliza mwenyekiti, na mkewe alikuwa ukumbini.

Mjumbe mmoja akatoa hoja polisi waitwe, mwingine akaiunga mkono. Hoja ilikufa kwa sababu pilau lilikuwa limeshafika.

Ukumbini sikupewa nafasi ya kueleza, kwa hiyo nitaeleza hapa. Kitu kile kinaitwa Windows Autopilot, kilianza mwaka 2017, na ukiweka kando masaibu yangu, ni ufundi unaopendeza mno. Zamani kampuni ikinunua kompyuta mia, fundi wake alizifungua zote mia, akaketi nazo moja moja, akaziwekea programu na masharti ya ofisi. Siku hizi muuzaji anakusanya habari za vifaa vya ndani ya kila mashine, namba ya ubao mama, ya diski, ya kadi ya mtandao, anazisokota kuwa saini moja ndefu, na saini hiyo inaandikishwa kwenye seva za Microsoft chini ya jina la kampuni. Mashine inapelekwa moja kwa moja nyumbani kwa mfanyakazi, boksi halijafunguliwa. Akiiwasha na kuipa intaneti, kabla haijafanya lolote inauliza seva: mimi ni wa nani? Ikishajibiwa, inajivika nembo, inajipakia programu za ofisi na kujifunga kwa kufuli za ofisi, na fundi yuko kwake anakunywa chai.

Ni chapa ya ng'ombe, isipokuwa chapa yenyewe haiko mwilini, iko kwenye daftari la mbali. Ndiyo maana huwezi kuikwangua. Futa Windows, weka nyingine, ng'ombe ni yuleyule. Badilisha diski, bado anatambulika. Dawa ni mwenye daftari afute jina lake, au ubadilishe ubao mama, na ukishabadilisha ubao mama umenunua kompyuta nyingine ndani ya kava la zamani.

Mafundi wa Kariakoo wanalijua hili kuliko wanasheria wa Ulaya. Swali lile la "mimi ni wa nani?" huulizwa wakati Windows inapoanzishwa kwa mara ya kwanza. Ukiisimika bila intaneti, ukatengeneza akaunti ya humohumo, ukaita "User", mashine inapita mlangoni bila kuulizwa, na baadaye ukiipa intaneti hairudi nyuma kuuliza. Itafanya kazi miaka, mpaka atokee mtu mwenye jedwali la rangi.

Wala hakuna aliyeiba. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani hukodi kompyuta za kazi kwa miaka mitatu au minne, kisha huzirudisha kwa mkupuo. Zinasafishwa, zinapangwa kwa gredi, zinauzwa kwa jumla, nyingi zinapita Dubai, na hatimaye zinatua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ambako kijana anakwambia, "Bosi, hii chuma, gredi A, chaji inakaa mpaka uchoke wewe." Na kweli nyingi ni chuma. Latitude, EliteBook na ThinkPad zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi zinazonunua elfu kwa mpigo na kulalamika kwa barua za kisheria. Bawaba zake ni imara, betri na diski zinabadilishika kwa bisibisi. Ndugu zao za dukani, Inspiron, Pavilion na IdeaPad, zilitengenezwa zaidi ili zing'ae kwenye kabati la kioo. Kwa laki sita na nusu, mashine ya ofisi iliyotumika inaizidi mbali mpya ya bei hiyohiyo. Hayo yote yako kwenye ripoti, ukurasa wa pili.

Ukurasa huohuo nilieleza jambo ambalo kamati ililipita bila kulisoma. Mjumbe mmoja alishikilia tuchukue i7 kwa sababu saba ni kubwa kuliko tano. Hesabu hiyo inafaa sokoni kwenye nyanya. Kwenye prosesa za Intel za miaka ile, namba ya kuangalia ni inayofuata kistari, ile ya kizazi. Core i7-7600U ya mwanzoni mwa 2017 ina viini viwili. Core i5-8250U, iliyotoka Agosti mwaka huohuo, ina vinne. Yaani mwenye kibandiko kikubwa amelipa zaidi apate nusu. Na kizazi hicho cha nane ndicho kizingiti ambacho Microsoft iliweka kwa Windows 11, ukiacha prosesa chache za kizazi cha saba. Kibandiko cha i7 kinang'aa. Kizazi kimeandikwa mahali ambapo muuzaji ameweka kidole gumba.

Betri nayo nilitaka kuisimulia ukumbini, maana ndiyo inayonikosesha usingizi kwa raha. Watu wanaona asilimia 100 na kuamini betri ni nzima. Asilimia mia ya nini? Ndani ya betri kuna chipu ndogo inayohesabu chaji inayoingia na inayotoka, na mia yake inaihesabu kutoka kwenye uwezo uliobaki, si ule iliozaliwa nao. Betri iliyochoka hufika mia kwa haraka zaidi, na hapo muuzaji anakwambia, "Unaona inavyojaa upesi?" Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na Windows inakuandikia ukurasa mzima. Humo kuna mistari miwili: uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Nimeona iliyotoka kiwandani na mWh 50,000 imebakiwa na 21,000. Mashine inayokula wati saba ilitakiwa ikae saa saba. Itakaa tatu, halafu itakufa katikati ya sentensi yako, imejaa mia asubuhi ileile. Nilipomwandikia muuzaji mmoja amri hiyo mbele yake, alinitazama akasema, "Kaka, wewe ni mteja au ni TRA?"

Masaibu mengine ni madogo. Binamu yangu alinunua mpya ya mwanafunzi yenye hifadhi ya eMMC ya GB 64 iliyochomelewa kwenye ubao. Sasisho la kwanza la Windows liliomba nafasi, na mpaka leo linaomba. Jirani alichukua yenye skrini ya TN, na ukizitazama picha zake za harusi kutoka chini, bibi harusi anageuka negativu. Shemeji anatamba na kibandiko cha MIL-STD-810, kipimo cha jeshi la Marekani ambacho mtengenezaji anaweza kujipimia mwenyewe. Yake ilianguka kutoka kwenye kochi, na haijaonekana vitani tena. Mimi nilimwaga chai kwenye ThinkPad yenye matundu ya kupitisha maji chini ya kibodi, na nathibitisha kwamba yanafanya kazi: chai yote ilinifikia kwenye suruali.

Lakini mwenye milioni tatu haulizwi chochote kati ya hivi. Anaingia duka lenye kiyoyozi, analipa, anapewa risiti na waranti, na ikimsumbua wanambadilishia. Mwenye laki sita ndiye anayetakiwa ajue vizazi vya prosesa, mWh, TN, eMMC, mpangilio wa kibodi za Ulaya na daftari la usajili lililoko bara jingine. Umaskini umegeuka shahada ya uhandisi isiyo na mahafali, na ukifeli mtihani wake hakuna wa kumlalamikia: muuzaji aliyekupa "wiki moja ya kupima" anakwambia mashine si inawaka?

Na huko ilikotoka mashine yetu, palihitajika mtu mmoja abofye neno moja, futa. Aliyetakiwa kulibofya alikuwa na mshahara na orodha ya namba zote za mashine. Kampuni ilishamaliza mkataba wa kukodi, mnunuzi wa jumla alishapata chake, Dubai walishapata chao. Hasara ya kubofya kulikosahaulika imesafiri maili zote hizo ikafika kwa mama anayeweka akiba elfu kumi kwa wiki, maana zile ndizo pesa zilizonunua ile mashine. Niliiandikia kampuni ile kuomba wafute. Jibu lililokuja lilitoka kwa mashine nyingine, na lilikuwa la Kijerumani.

Kubwa zaidi linakuja kwa mlango huohuo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10. Wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wenye kompyuta zao za nyumbani walipewa mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama bila malipo. Sisi wengine tuliwekewa masharti: lipa dola 30, au hifadhi mipangilio yako kwenye wingu lao, au tumia pointi zao. Mashine ambazo hazivuki kizingiti cha kizazi cha nane, ofisi za kule zinazitoa. Nadhani mnajua zinaelekea wapi. Zitafika zimelazimishiwa Windows 11 kwa njia za vichochoroni, zikiwaka vizuri, bila ahadi yoyote ya masasisho kutoka Microsoft, na kijana atasema, "Bosi, ina Windows mpya kabisa."

Kwa hiyo unapoenda dukani usiulize "ni i ngapi?" Soma tarakimu zilizo baada ya kistari. Andika ile amri ya betri mbele yake. Kaa upande, utazame skrini kwa mshazari. Halafu, kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie aifute na kuianzisha upya, ikiwa kwenye intaneti, wewe umekaa hapohapo. Akikwambia mtandao wa dukani umekata, toa simu yako. Akikwambia itachukua muda mrefu, agiza soda. Akikwambia mashine hii haipendi kufutwa, mshukuru, toka. Duka la pili liko mlango unaofuata, na huyo naye muulize vilevile.