Masaibu ya Kuteleza kwa Pamoja

Likizo ya skii ya klabu ni safari ya wiki moja ambayo watu ishirini au thelathini, wasioweza kukubaliana hata saa ya kunywa chai, hulipia kwenda kupangiana ratiba juu ya mlima wenye theluji. Kwa jina ni safari ya michezo. Kwa vitendo, sehemu kubwa ya siku hupita watu wakiwa wamesimama: wanangoja basi, wanangoja lifti, wanamngoja aliyerudi kufuata glavu zake. Kuteleza kwenyewe ni kwa dakika chache, kisha kundi husimama tena. Masaibu mengi nayo hutokea hapo hapo, mtu akiwa amesimama au akijaribu kusimama.

Desturi hii ni ya zamani. Ski Club of Great Britain iliundwa London mwaka 1903. Mwaka 1922 Mwingereza Arnold Lunn aliandaa huko Mürren, Uswisi, mashindano ya kwanza ya slalom ya kisasa, na mwaka 1925 Waingereza wenzake waliokuwa wakienda Wengen wakaunda klabu yao, Downhill Only, ambayo wanachama wake walipanda mlima kwa treni na kushuka kwa skii. Upande wa Ufaransa, Mskoti Peter Lindsay alianzisha kituo cha Méribel mwaka 1938, na jirani yake, Courchevel, kikaanza kujengwa mwaka 1946. Leo vituo hivyo viwili, pamoja na Les Menuires na Val Thorens, vimeunganishwa kwa lifti kuwa eneo moja liitwalo Les Trois Vallées, lenye njia za kuteleza zipatazo kilomita 600. Ni mahali pazuri pa kuyachunguza masaibu ya klabu, kwa kuwa ni pakubwa kiasi cha kuweza kuwapoteza wanachama wote kwa siku moja.

Safari huanza miezi kadhaa kabla, na huanza kwa kamati. Mwenyekiti hutangaza tarehe, katibu hufungua kundi la WhatsApp, na mweka hazina hukumbusha watu michango. Baadhi ya wanachama hujibu kwa picha ya dole gumba, malipo ambayo hakuna benki inayoyapokea. Kazi nzito kuliko zote ni kugawa vyumba. Kila klabu ina mkoromaji wake, na kila mtu anamjua isipokuwa yeye mwenyewe. Hapo ndipo inapothibitika kwamba asiyekuwepo na lake halipo: aliyekosa kikao hujikuta amepangiwa kitanda cha juu, katika chumba cha mkoromaji, kando ya ukuta wa choo.

Nyumba za mbao za milimani hukodishwa zaidi Jumamosi hadi Jumamosi. Matokeo yake ni kwamba wanaoondoka na wanaokuja hukutana wote katika barabara ya bonde la Tarentaise, kati ya Albertville na Moûtiers. Barabara hiyo iliboreshwa kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1992, na ubora wake ukavutia magari ya kutosha kuifanya isipitike. Foleni inapokwisha zinaanza kona. Basi hupinda kushoto, likapinda kulia, na mwanachama aliyekula mkate wa jibini uwanja wa ndege huanza kuuliza kwa upole kama kuna mwenye mfuko wa plastiki.

Kituo cha kwanza baada ya kufika ni duka la kukodi vifaa, na hapo ukweli hupata mtihani wake mkubwa. Fundi anahitaji kujua uzito, urefu, umri na uwezo wa kila mtu, kwa sababu kwa takwimu hizo hukaza au kulegeza vifungio vinavyoshika buti kwenye skii. Kifungio kimeundwa kifunguke mtu anapoanguka vibaya, ili skii itoke kabla mguu haujavunjika. Ubaya ni kwamba maswali haya huulizwa kwa sauti, mbele ya klabu nzima. Anayepunguza kilo kumi kwa aibu hupewa kifungio kilicholegea, na kesho yake skii humtoka kila akikata kona. Anayejitangaza kuwa bingwa hupewa kilichokazwa, na siku ya kuanguka skii haimtoki kabisa. Uongo wa aina zote mbili hujulikana hadharani, tofauti ni kwamba wa pili huja na machela.

Kisha huja buti. Buti ya skii ni ganda gumu la plastiki lenye vibano vya chuma, lililotengenezwa kuinamisha goti mbele na kuzuia kifundo cha mguu kisipinde. Kwenye mteremko ni chombo cha akili. Kwenye ngazi za nyumba, mvaaji hutembea kama mtu aliyefungwa plasta miguu yote miwili na kuruhusiwa kutoka hospitali siku hiyo hiyo. Wageni huvaa soksi mbili wakidhani watapata joto maradufu, na badala yake damu hubanwa na vidole hufa ganzi. Soksi moja ndefu, isiyo na mkunjo, inatosha. Anayegundua kwamba anataka kwenda haja baada ya kufunga kibano cha mwisho hana wa kumlaumu, ingawa wenzake ishirini waliokwisha kutoka nje watamlaumu yeye.

Lango la lifti hufunguliwa na kadi ambayo haihitaji kutolewa mfukoni. Mashine huisoma kadi yenyewe, mradi iwe katika mfuko wa kushoto na mbali na simu. Kwa kuwa wanachama wengi huiweka pamoja na simu, au katika mfuko wa kulia, kila asubuhi watu wazima wenye heshima zao, wakiwemo mahakimu na walimu wakuu, huonekana wakiusuguasugua ubavu kwenye nguzo ya chuma huku foleni nyuma yao ikikohoa.

Lifti zenyewe ni za aina kadhaa, na kila aina ina aibu yake. Ya kukokota yenye umbo la T iliyogeuzwa juu chini ilibuniwa na mhandisi Ernst Constam, ambaye lifti yake ya kwanza ya kukokota ilifunguliwa Davos mwaka 1934. Huwavuta watu wawili kwa pamoja, na haikukusudiwa kukaliwa. Anayeikalia huketi hadi chini kwenye theluji, na mwenzake huburutwa naye. Wanachama wawili wa vimo tofauti wakipangwa pamoja, chuma kile kile humshika mmoja mgongoni na mwingine nyuma ya magoti. Lifti ya viti, iliyoanza kutumika Sun Valley nchini Marekani mwaka 1936, ni ya starehe hadi wakati wa kushuka. Watu sita husimama kwa pamoja. Mmoja anakwenda kulia, mmoja kushoto, wa katikati anasimama kufikiri, na mkanda wa fimbo ya mmoja wao umenasa kwenye kiti. Mhudumu huzima mtambo, na mamia ya watu wasiowajua hubaki wakining'inia hewani kwa ajili yao.

Juu ya mlima kundi hugawanywa kwa uwezo. Katika Ufaransa njia hutofautishwa kwa rangi: kijani kwa wanaoanza, buluu kwa waliozoea kidogo, nyekundu kwa hodari, nyeusi kwa mabingwa. Mgawanyo wa haki ungefuata rangi hizo. Mgawanyo halisi hufuata urafiki, ndoa na deni la jana la kahawa, kwa hiyo kundi la nyekundu halikosi angalau mtu mmoja wa buluu aliyemfuata mumewe.

Kiongozi hutangulia, na mtu mwenye moyo wa subira huwekwa nyuma kabisa kuwaokota wanaoanguka. Kundi huteleza mita mia kadhaa, kisha husimama kumngoja wa mwisho. Hapa ndipo penye dhuluma kubwa ya likizo nzima. Wenye kasi hufika mapema, hupumzika, hunywa maji, hupiga picha. Wa mwisho hufika akihema, miwani imejaa ukungu, na anapoegemea fimbo zake, kiongozi husema kwa furaha kwamba sasa wote wapo, twende. Wasiochoka hupumzika siku nzima, na aliyechoka hapumziki hata mara moja. Kufikia alasiri, walio mbele hushangaa kwa nini huyu mwenzao hapati maendeleo.

Pahala pa kusimama pana kanuni zake. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIS, limeweka kanuni kumi za mwenendo, na miongoni mwake ni kwamba aliye nyuma lazima amwachie nafasi aliye mbele, na kwamba mtu asisimame penye njia nyembamba au pasipoonekana kutoka juu. Klabu husoma kanuni hizo usiku wa kwanza, na asubuhi hujipanga mstari mmoja katikati ya njia, nyuma ya kilima kidogo, kuhesabiana.

Methali ya mwenda pole haijafika milimani. Kuna sehemu tambarare ambazo huvukwa tu na aliyeshuka kwa kasi. Mwenda pole hukwama katikati, akaanza kujisukuma kwa fimbo mita mia mbili za jasho, huku watoto wa miaka mitano wakimpita na kumsalimu.

Kupoteana ni sura inayojitegemea. Kiongozi anayetangaza kwamba watakutana Courchevel saa saba huwa ametaja vijiji kadhaa. Kwa miaka mingi vilitofautishwa kwa tarakimu za mwinuko, 1300, 1550, 1650 na 1850, ingawa hicho cha 1850 chenyewe kiko chini ya mita 1,800. Mwaka 2011 vilipewa majina rasmi mapya, na tangu hapo wanachama wa zamani hutumia tarakimu, wapya hutumia majina, na chakula cha mchana huliwa katika makundi matatu. Kibaya zaidi ni kuikosa lifti ya mwisho ya jioni. Aliyelala Val Thorens akabaki upande wa Courchevel, ambako kwa skii angerudi kwa kuvuka migongo ya milima, hulazimika kushuka kwa gari hadi Moûtiers na kupanda upya bonde jingine. Dereva wa teksi humpokea kwa ukarimu, na bei yake humfanya abiria ajifunze ratiba ya lifti kwa moyo.

Nje ya mgahawa skii mia mbili huegemezwa pamoja, nyingi zikiwa za duka moja na rangi moja. Aliyeshiba huchukua zinazofanana na zake. Wajuzi huitenganisha jozi, moja huku na nyingine kule, hila inayomshinda mwizi kwa hakika, na mara nyingi humshinda pia mwenye mali.

Hali ya hewa ina fungu lake. Wingu likishuka juu ya theluji, ardhi na mbingu huwa rangi moja, na mtu anaweza kuanguka akiwa amesimama tuli, kwa kudhani bado anasonga. Njia za Ufaransa zina nguzo zenye namba zinazopungua kuelekea chini, na kuzifuata moja baada ya nyingine ndilo suluhisho la uhakika. Kwenye theluji mpya iliyo laini, skii iliyochomoka huzama isionekane. Klabu nzima huchimbua mahali mwenyewe alipoishia, ilhali skii huwa juu zaidi, pale alipoanza kuanguka. Hatari ya maporomoko ya theluji haina utani: hutangazwa kwa ngazi tano, na aendaye nje ya njia rasmi hubeba kitoa-ishara, koleo na fimbo ya kupimia kina. Kuokolewa mlimani hulipiwa, hivyo bima hununuliwa kabla ya safari.

Jioni, glavu ishirini hukaushwa juu ya hita moja, na harufu yake hushindana na jibini la raclette linaloyeyushwa mezani. Nyuso zimeiva kwa jua isipokuwa alama nyeupe ya miwani. Kila anguko husimuliwa upya, na mteremko huongezeka ukali kwa kila glasi. Siku ya mapumziko ya mpishi wa nyumba hugundulika saa mbili usiku, mgahawa wa mwisho wenye nafasi ukiwa umeshajaa.

Mfano bora wa namna ya kumngoja mtu umetolewa na wasiokuwa na klabu wala jibini. Katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, Mkenya Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji kabla ya kwenda kujifunza skii Finland, alishiriki kilomita 10 za skii za nyika na kumaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amemaliza dakika 20 hivi kabla yake. Alibaki kwenye mstari akimngoja, na Boit alipofika, akamkumbatia.

Viongozi wa klabu hawalazimiki kumkumbatia mtu. Inatosha wa mwisho akifika apewe naye dakika tano za kuhema, afute miwani, anywe maji, ndipo kundi liondoke. Pumzi hizo ni bure, na zitawapunguzia hata kazi ya kubeba machela.