Jani Limeanguka, Habari Ziwafikie

*Shikamoo Mshauri. Nimestaafu, naishi Reading, Uingereza. Kila Jumapili saa moja usiku napiga simu nyumbani Kisauni, Mombasa. Wakiniuliza habari za huku sina la kusema ila majani yanapukutika, tena huku ni vuli. Wananijibu "haya, sawa", mazungumzo yanafia hapo. Nifanyeje? – Mwenye Reki*

Marahaba, Mwenye Reki. Shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili. Huenda kwa hesabu ya miaka wewe ndiye uliyestahili kuamkiwa, lakini mwamkio ukishaingia katika safu hii hautoki. Kabla ya tiba niweke sawa jambo la lugha, maana nisipoliweka mimi litawekwa na nani? Umesema huko ni vuli. Wako wanaoyaita hivyo majira hayo ya Ulaya, na kamusi haziwafungi jela. Ila Kisauni vuli ni mvua, zile fupi za kati ya Oktoba na Desemba, wakati kusi imelegea na kaskazi haijashika, na kunde zinatoka ardhini zikichekelea. Ukimwambia dada yako "huku ni vuli, majani yamekwisha", anachosikia ni kwamba mvua imenyesha na shamba limekufa. Hapo hajui akupe pole au akutafutie mganga, kwa hiyo anasema "haya, sawa". Sema majira ya mapukutiko. Neno hilo sikulibuni mimi, ingawa kwa uzuri wake lingestahili kuwa langu, na yeyote atakayelinasibisha nami sitamsahihisha kwa haraka.

Sasa hoja, nayo ni moja tu: hukosi habari, umezoea kuzipima kwa mizani ya gunia. Waswahili tumelelewa na habari za ukubwa wa aina mbili, harusi na msiba, na kilicho katikati tunakiita "nzuri". Sikiliza tunavyoamkiana. Mtu anaulizwa habari za nyumbani, habari za watoto, habari za kazi, naye anajibu nzuri, nzuri, nzuri, kisha anakaa kitako na kueleza kuwa bati la jikoni limeng'oka. Barua zetu za zamani zilikuwa vivyo hivyo: mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali nami. Sentensi hiyo ilinakiliwa na maelfu ya watu na haikumpasha yeyote chochote. Ilikuwa kizingiti cha mlango. Habari zenyewe zilianza baada ya salamu, na mara nyingi zilibanwa pembezoni mwa aerogramu, karatasi ile iliyojikunja ikawa bahasha yake yenyewe na isiyoruhusu kutia kitu ndani. Wewe, Mwenye Reki, unapiga simu, unasimama kizingitini, halafu unashangaa kwamba hujaandaliwa chai.

Ushahidi wangu wa kwanza una mabawa. Huko Uingereza mbayuwayu huondoka majira haya haya, Septemba na Oktoba, wakashuka hadi kusini mwa Afrika. Kwa muda mrefu watu walibishana wanakokwenda; wengine waliamini ndege hao hujizika matopeni mpaka baridi ipite. Kisha Mei 1911 mmoja akavishwa kipete mguuni huko Staffordshire, na Desemba 1912 akakutwa Natal, Afrika Kusini. Kipete kilibeba namba na anwani, basi. Hakikusema mbayuwayu ana afya njema, wala kwamba hofu na mashaka ni kwa walio Staffordshire. Namba moja na anwani moja zikamaliza ubishi. Angalia hapo uzito wa habari ndogo iliyo mahsusi ukilinganisha na habari kubwa iliyo ya jumla. Nakiri sijaona mshauri mwingine wa gazetini aliyemtumia mbayuwayu kutetea simu za Jumapili. Tuzo zinajulikana zinakotolewa, nami naendelea kusubiri.

Ushahidi wa pili unatoka upande wa pili wa uzio. Waingereza wana desturi ya kutuma barua moja ya mwaka kwa jamaa na marafiki wote mwishoni mwa mwaka: mtoto amefaulu, mjukuu anapiga fidla, safari ilipendeza, jiko jipya limekamilika. Ni magunia matupu ya habari kubwa. Mwandishi wa gazeti la Guardian, Simon Hoggart, alichapisha kitabu kizima mwaka 2004 cha kuzicheka barua hizo. Hakuna aliyechapisha kitabu cha kumcheka mtu aliyesema tofaa la mti wake wa uani mwaka huu limeota kinundu kama pua ya shehe fulani. Majivuno yanachosha, Mwenye Reki. Naomba ulichukue neno hilo kutoka kwa mtu ambaye unyenyekevu wake ni miongoni mwa maajabu ya ukanda wa pwani.

Tiba ya kwanza, basi. Kwa kuwa nyumbani wameshazoea misiba, wape msiba. Anza simu kwa sauti ile ya tanzia za redioni: "Ukoo wa Mwaloni wa Reading unasikitika kutangaza kifo cha jani lao mpendwa, lililokuwa kwenye tawi la tatu upande wa barabara. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo." Orodhesha wafiwa: tawi, kichaka cha jirani, reki. Sema mazishi yatafanyika kwenye pipa la kijani siku ya Alhamisi. Nakuhakikishia hakuna atakayesema "haya, sawa". Watauliza limekufa kwa nini, na hapo ndipo umewanasa, kwa sababu jibu ni tamu kuliko tanzia. Siku zikifupika, mti huacha kutengeneza klorofili, ule ukijani unaonasa mwanga wa jua. Ukijani ukivunjika, manjano yaliyokuwamo tangu mwanzo yanajitokeza. Wekundu kwa sehemu kubwa ni rangi mpya inayotengenezwa dakika za mwisho. Wakati huo mti unavuta naitrojeni na virutubisho vingine kutoka katika jani na kuvirudisha tawini, kisha unajenga ukuta mwembamba wa seli kwenye kikonyo, mpaka jani linaning'inia kwa uzi. Upepo ni tarishi tu aliyepeleka barua. Jani limestaafishwa na mwajiri wake, tena bila kiinua mgongo, baada ya kupokonywa hata akiba. Hebu msimulie hayo binamu yako aliyefuatilia mafao yake mpaka viatu vikaisha soli, uone kama simu itakatika.

Najua pingamizi linalokuja, na nimeshavaa kanzu ya kulipokea. Utasema watu wa nyumbani wana ada za shule na bei ya unga, na kuwapigia hadithi za majani ni kuwakejeli. Pingamizi hilo lina nguvu, ndiyo maana nimelichagua badala ya lile dhaifu. Lakini litazame kwa ndani. Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4 mwaka 2023 kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya. Ni jambo la heshima. Lina kasoro moja: limeifanya simu kutoka ng'ambo isikike kama tangazo la benki, na simu ya kwenda ng'ambo kama ankara. Ulipokuwa kazini, habari yako kubwa ilikuwa ujumbe wa M-Pesa, na hakuna aliyejali kama una simulizi au huna. Umestaafu, fungu limepungua, na ghafla simu imebaki na sauti yako peke yake. "Haya, sawa" ile huenda si uchovu wa majani. Huenda ni watu wanaosubiri sentensi ya pili ambayo miaka yote ilifuata, nao wanaona haya kuiuliza. Jani halikejeli shida za mtu. Linamwambia kwamba safari hii umepiga kwa ajili ya kuzungumza, naye pia aruhusiwe kuzungumza bila kuomba.

Wengine watasema hali ya hewa ni soga za Waingereza. Hao wasikanyage pwani. Watu ambao mababu zao hawakung'oa nanga mpaka wamesikia upepo umegeuka, waliopanga biashara, ndoa na madeni kwa kusi na kaskazi, leo waambiwe kuzungumzia upepo ni umbea wa kigeni? Pingamizi hilo nalirudisha kwa mwenyewe bila stempu.

Lipo la tatu, la wale wanaoshauri ufunge virago urudi Kisauni ukazungumze barazani. Wazo zuri, ila waulize kwanza kama wanajua kwamba pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hata ukiwa Kenya, lakini ukihamia huko haipandishwi tena kila mwaka kama inavyopandishwa kwa aliyebaki. Na kwa aliyebaki, takwimu ya mfumuko wa bei wa Septemba, inayotoka Oktoba, ni mojawapo ya vipimo vinavyoamua nyongeza ya Aprili. Kumbe majira ya mapukutiko ndiyo majira ya mstaafu kutega sikio! Hiyo nayo ni habari. Chanjo ya mafua ya bure kwa waliotimiza miaka 65 ni habari. Kadi ya basi la bure isiyofanya kazi siku za wiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi katika sehemu nyingi za England, pamoja na wazee wanaojipanga kituoni saa tatu na dakika ishirini na tisa, hiyo ni tamthilia. Na kabla ya tarehe 5 Novemba, usiku wao wa mioto, watu hufunua lundo la majani na kuni kuangalia kama kalunguyeye hajajilaza humo kwa usingizi wa baridi. Mwambie mjukuu aliye Kisauni kwamba babu yake amepekua majani kumtafuta kalunguyeye, kisha usiseme kama alimpata. Jumapili ijayo atapiga yeye.

Tiba ya pili ilikuwa ndefu na ilihitaji mizani ya dhahabu, bahasha 52 na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, lakini mhariri ananiashiria kwa vidole viwili kwamba nafasi imebaki aya moja. Nafasi ya picha yangu haikuguswa, na katika hilo namshukuru. Kwa hiyo haraka haraka: Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma, na pengo kati yako na Mombasa linaongezeka kutoka saa mbili kuwa tatu. Ukipiga saa moja usiku ya kwako, Kisauni ni saa nne, dada yako kashafunga mlango na neti kashaichomeka. Hiyo "haya, sawa" labda ilikuwa miayo. Piga saa tisa alasiri ya kwako, wakati wa chai yao ya jioni. Taja kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako, uliza kimoja cha kwao ambacho hakijibiki kwa "nzuri", mathalani embe la kwanza limeanguka lini na nani kaliokota. Kisha nyamaza, wacha wajibu.

*Msomaji wa Kisauni anayelalamika kwamba mjomba wake wa Uingereza anapiga simu usiku kueleza habari za miti:* soma jibu la hapo juu, kisha hesabu maembe.