Sifa ya Kustahimili

Kivumishi cha Kiingereza ambacho Kiswahili cha ripoti hukiita "-stahimilivu" kilitokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuruka na kurudi nyuma, na wahandisi wa karne ya 19 walitumia dhana yake kueleza uwezo wa mbao au chuma kupokea nguvu, kupinda, kisha kurejea umbo lake. Uwezo huo una kikomo cha unyumbufu, yaani kiwango cha mkazo ambacho kikizidishwa, chuma hubaki kimepinda. Mwaka 1973 mwanaikolojia C. S. Holling aliihamishia dhana hiyo kwenye mifumo ya viumbe na mazingira yao, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaiweka katika lengo la 11 la maendeleo endelevu, linalohusu miji. Kikomo, inaelekea, kilishushwa njiani.

Ndiyo maana mkazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ambaye mto ukifurika hupandisha godoro juu ya kabati na kuzoa tope kwa ndoo, husifiwa kwa ustahimilivu katika ripoti ya karatasi zinazong'aa, picha yake akitabasamu ikiwa jaladani, huku mtaro ulioziba ukikosa sifa na bajeti pia. Sifa hii haigawiwi ovyo: anayeishi kwenye mitaro mizuri hapewi, kwa kuwa hajabahatika kufurikiwa. Kikomo cha chuma hupimwa maabara. Cha mkazi hupimwa kila masika.