Kamera Imewaka, Mteja Amekauka: Makosa Saba ya Video za Ushuhuda Bariadi

Zamani ushuhuda ulikuwa na makao mawili: kanisani na mahakamani. Siku hizi hata mwenye duka la pembejeo anautaka, dakika moja tu, aurushe Instagram na kwenye status ya WhatsApp. Sisi wapiga video wa Bariadi hatulalamiki, maana harusi hazifungwi mwaka mzima. Ila kuna makosa tunayarudia mpaka yanatuzoea. Tuyahesabu kwa kushuka, kama konda wa gari la Lamadi pale stendi: bado saba tu, tunaondoka!

7. Kurekodi penye kelele. Mwenye mashine ya kusaga anataka mteja ahojiwe mashine ikinguruma, "ili watu waone inafanya kazi." Wataiona. Mteja ndiye hawatamsikia. Mhoji pembeni, kisha ipige mashine picha zake peke yake uzichomeke juu ya sauti. Na kiangazi usitoke nje bila sponji ya maiki, la sivyo ushuhuda wote utatolewa na upepo.

6. Jua la saa saba. Mkulima kavaa pama. Chini ya pama kuna giza, na ndani ya giza kuna meno. Nenda saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni. Lakini msimu wa pamba ukishafunguliwa, usimtoe mtu kwenye foleni ya AMCOS. Hakuna video inayofidia nafasi ya mzani.

5. Bosi nyuma ya kamera. Anatikisa kichwa, anakonyeza, ananong'ona "taja na bei." Mteja anageuka mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Mtume bosi akalete soda. Akirudi mapema, mwambie ulitaka ya baridi.

4. "Huduma zao ni nzuri sana, nawashauri Watanzania wenzangu…" Sentensi hii inauza saruji, miwani na jeneza bila kubadilishwa neno. Dawa yake ni kuuliza jambo dogo linaloshikika. Simiyu, mkoa uliozaliwa 2012, umejitangaza kwa chaki za Maswa na maziwa ya Meatu. Basi usimuulize mwalimu kama chaki ni bora. Muulize ngapi humvunjikia kabla kipindi hakijaisha. Usimuulize mwenye kioski kama maziwa ni matamu. Muulize yanaisha saa ngapi. Jibu lenye saa ndani yake halifanani na la jirani.

3. Maswali ya ndiyo na hapana. "Umeridhika na plau?" "Ee." Hongera, una video ya sekunde mbili. Sema hivi: "Baba, nisimulie siku plau la zamani lilipokukatikia shambani." Kisha nyamaza. Hata ile "mmh" yako ya heshima imeze, maana nayo inarekodiwa. Na umwombe aanze kwa kutaja kitu chenyewe, "Plau hili nililinunua mwaka jana," kwa sababu swali lako litakatwa na jibu litabaki yatima.

2. Kiswahili cha taarifa ya habari. Mama alikuwa anachekesha soko zima kwa Kisukuma. Kamera imewaka, kawa msemaji wa wizara. Msalimie tena, "Mwadila, mayu," umwache aendelee na lugha yake, Kiswahili ukiweke kwa maandishi chini ya picha. Wateja wa Itilima watakuwa wameshacheka kabla maandishi hayajatokea.

1. Mteja wa kukodi. Bado mmoja, na ndiye mbaya kuliko wote: shemeji wa mwenye duka, kaazimwa shati, anaapa kwamba yeye ni "mteja wa siku nyingi." Bariadi ni mji, ila hauna ukubwa wa kumficha shemeji. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini kabla sheria haijafika, watani wa Somanda watakuwa wamemaliza kesi. Tafuta mteja wa kweli, umweleze video itarushwa wapi, akubali kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikuundwa kwa ajili ya mabenki peke yake.

Mteja wa kweli utamjua kwa neno "ila": "Plau zuri, ila bolti moja ililegea wiki ya kwanza, nikarudi, wakanibadilishia." Hapo bosi atarusha mikono: kata hiyo! Usikate. Bolti iliyolegea ndiyo itakayouza plau.

Abiria wa Lamadi analijua hili siku nyingi. Konda akimwapia kwamba gari halina tatizo hata moja, kwanza anazunguka kuangalia matairi.