Godoro Letu Laomba Hati ya Kusafiria

Kwa Mheshimiwa Mwenye Kizuizi,

Baada ya salamu nyingi na taadhima ipasayo cheo chako, ambacho sitakitaja, kama nisivyotaja uko ng'ambo ipi ya mto Songwe, maana sina fedha ya wakili, natumaini barua hii itakukuta buheri wa afya, umeketi kivulini, mahali ambapo sisi hatukuwahi kukaribishwa.

Mimi ni yule mwenye Hiace nyeupe ya Talatala, iliyong'olewa viti vya nyuma ikatandikwa godoro, ikatiwa jiko la mkaa, sufuria tatu na mchele wa Kyela, ili mama yangu mzazi, mke wangu na watoto wanne tuizunguke Malawi wiki mbili tukilala humo humo garini, tangu Karonga kwa jamaa zetu Wangonde, ambao hatuhitaji mkalimani kusemezana nao, hata Nkhata Bay. Safari ilikuwa njema, ila kila tulipokuta gogo limelazwa juu ya mapipa mawili, kwenda na kurudi, neno lilikuwa lile lile: "Shusheni godoro."

Tulilishusha mara kumi na moja. Mara kumi na moja lilikunjuliwa vumbini, likagongwa kwa rungu, likanuswa, kisha fomu ikafunguliwa, ikaonekana ina nafasi ya abiria na nafasi ya bidhaa, ila haina nafasi ya watu walalao; basi ama godoro ni la kuuzwa, na lina ushuru, ama gari ni nyumba, na nyumba haitembei barabarani.

Kwa hiyo nakusihi, Mheshimiwa, ulitolee godoro letu hati yake lenyewe. Picha mbili ziko tayari, moja ya uso na moja ya ubavu, pasipo tabasamu. Kazi yake ni kulaliwa. Ndoa yangu limeibeba miaka tisa, ingawa lenyewe halijaoa. Vidole halina, lakini upande wa miguuni lina alama ya kitindamimba wetu, ndefu, nyembamba, iliyogawanyika ncha mbili kusini mfano wa Ziwa Nyasa, ambayo kila alfajiri huongezeka upana. Nami, maadamu mpaka wa ziwa hilo ungali ukibishaniwa na serikali mbili, naomba ongezeko hilo lisihesabiwe kuwa ndio msimamo wa familia yangu. Mihuri igongwe pembezoni kwa wino usiochujuka, kwa sababu mama hulalia ubavu wa kushoto. Siku ya safari godoro litashuka peke yake, litapanga foleni, litajibu maswali, na sisi tutalingoja garini.

Maana kila liliposhushwa, Mheshimiwa, aliyekuwa juu yake ni mama. Ana miaka sabini na minane. Alisimama juani ameshika mlango, mguu umevimba, akiambiwa "wee bibi, sogea" na kijana ambaye hata shikamoo hakumpa. Kwetu mtoto wa namna hiyo huulizwa amelelewa na nani, na wewe ndiwe uliyemlea. Wala hamkutafuta bangi humo, wala bunduki. Mlitafuta noti iliyokunjwa mara nne, na mlipoipata godoro likatakasika papo hapo.

Niwie radhi, kalamu imeteleza.

Nina haja nyingine ndogo ndogo. Stakabadhi ikipatikana, hata ya uongo, tutashukuru. Pembetatu zetu za tahadhari zihesabiwe mara moja kwa siku. Na Songwe, ambao kila uhamapo huyachukua mashamba ya watu kutoka dola moja ukayatia katika nyingine, na ambao Waingereza na Wajerumani waliufanya mpaka mwaka 1890 pasipo kuushauri, nao usimamishwe walau siku moja uulizwe cheti cha homa ya manjano.

Tunatazamia kupita tena Desemba. Picha za godoro nimeziambatisha. Katika ile ya ubavu utaona kisigino cha mama, alikataa kushuka.

Wako mtiifu,
Mwenye Hiace nyeupe,
Talatala, Kyela.