Biringanya Halina Miiba

Yapo mapishi yanayozunguka siku hizi, yakimwahidi mpishi wa nyumbani kwamba biringanya likikatwa vipande virefu, likachovywa kwenye unga na kukaangwa mpaka liwe la kahawia, litageuka samaki. Katika miji ambako samaki hufika mezani hana kichwa, hana mkia wala macho ya kumtazama mlaji, huenda ahadi hiyo ikaaminika. Sondu, magharibi mwa Kenya, ni mahali pengine. Hapa ni njia panda, barabara ya Kisumu kwenda Kisii ikikutana na ile inayopanda upande wa Kericho, penye soko ambapo Wajaluo, Wakipsigis na Wakisii wameuziana vitu tangu kabla ya lami. Ngege hulazwa juu ya gunia amekodoa macho, akimshuhudia mnunuzi anavyomfinya ubavu, anavyomfunua mashavu kuona kama bado ni mekundu, kisha anavyotaja bei ya matusi. Mtu aliyelelewa na ukaguzi wa namna hiyo hadanganywi na biringanya. Isidhaniwe kwamba napinga mmea kukaa kwenye sahani ya samaki. Naunga mkono, tena sana. Ninachodai ni kwamba karibu kila ajali ya jikoni ya aina hii hutokana na kosa moja: mpishi ametafuta mmea unaofanana na samaki, wala hakujiuliza samaki yule alikuwa na kazi gani pale nyumbani.

Tuanze na ngege wa kukaangwa mzima. Watu husifu utamu wake na kusahau kwamba nyumbani ngege ni breki. Samaki mmoja wa wastani anaweza kushughulisha watu watano kwa nusu saa, na sifa yote ni ya miiba. Tonge linabonyezwa, linachota mnofu, linasimama hewani. Vidole vinapapasa, ulimi unapapasa tena, mwiba unatolewa kwa ncha ya kidole na kulazwa ukingoni mwa sahani, ndipo safari inaendelea. Watoto hunyamaza kwa sababu mdomo umejaa hatari. Sasa mwondoe ngege, weka biringanya. Biringanya halina mwiba hata mmoja wa kumheshimisha mtu. Anayenawa mikono wa mwisho hukuta sinia tupu na wenzake wakitazama dari. Mpishi aliyekadiria biringanya moja kwa samaki mmoja hakukosea ladha, alikosea hesabu. Alitakiwa kununua matatu. Na hata hayo matatu yangemfilisi kwa njia nyingine, maana biringanya hunywa mafuta kama sifongo. Linaingia kwenye karai kwa unyenyekevu, na kufikia kipande cha nne karai limekauka, chupa ya mafuta imelala ubavu, na bei ya samaki imeshalipwa yote dukani bila samaki mwenyewe kuonekana. Dawa ipo, kulinyunyizia chumvi, kuliacha litoe maji na kulikamua kabla ya kukaanga, lakini hiyo inapunguza mafuta tu. Miiba haioti.

Hapa ndipo hunyanyuka mzee mmoja na kusema kwamba watu wa Ziwa Victoria hawali kitu cha kuiga. Hoja hiyo ina heshima yake, ila haina historia. Mwaka 1927 Mwingereza Michael Graham aliletwa kuchunguza kwa nini ngege walikuwa wanapungua ziwani, na mwaka uliofuata akampa ngege wa asili jina la kisayansi, esculenta, maana yake "anayelika", kana kwamba walaji walihitaji kukumbushwa. Leo ngege huyo amekaribia kutoweka ziwani. Anayelazwa kwenye sahani za hoteli akiitwa ngege kwa kawaida ni nyamami, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950. Yaani kibadala. Mbuta naye ni mgeni aliyeletwa na wakoloni, na viwanda vya minofu vilipoanza miaka ya 1980, nyama yake ikapanda ndege kwenda Ulaya huku wenye ziwa wakiachiwa mgongo wazi: kichwa, uti na mkia, katikati pamebaki kumbukumbu. Mgongo wazi ulikaangwa, ukauzwa, ukaliwa kwa ugali, wala hakuna aliyeitisha baraza kulalamika kwamba ni samaki wa kuigiza. Kisha wakaja samaki wa Uchina, waliogandishwa ndani ya makatoni. Nao wakaliwa, pamoja na manung'uniko. Hata Sondu penyewe, ule mto unaozungusha mitambo ya umeme ya megawati 60 kule Sondu-Miriu ulisifika zamani kwa ningu, aliyepanda kutoka ziwani wakati wa mvua kwenda kutaga. Nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito inayoingia ziwani zilimkuta njiani akiwa na mayai tumboni. Kwa hiyo tusiulizane kama kibadala kinaruhusiwa. Tumekula vibadala kwa zaidi ya nusu karne, na vyote vilikuwa na mapezi. Tofauti ya leo ni kwamba cha zamu hii kina majani.

Ajali kubwa kuliko zote husababishwa na mwani. Mapishi ya Ulaya na Marekani yana dawa moja kwa kila mmea unaotaka kuwa samaki: utiwe mwani, upate ladha ya bahari. Sina ugomvi na mwani. Zanzibar wanaulima kibiashara tangu 1989, Kibuyuni kule Kwale akina mama wanaulima pia, na sehemu kubwa husafirishwa nje kwa ajili ya viwanda. Lakini ni nani Sondu aliyewahi kutamani ladha ya bahari? Mpe mtu wa hapa tofu iliyofungwa kwa mwani, atasema kwa haki kabisa kwamba amepewa samaki wa Mombasa, tena aliyechelewa njiani. Ladha ya samaki wa ziwa, hasa kamongo na mumi wa matope, ni ya udongo, na hapo sayansi imetupa bahati ya ajabu. Kinachomfanya samaki wa matope anukie udongo ni kemikali iitwayo geosmini, inayotengenezwa na vijidudu vya majini na ardhini. Ndiyo ile ile tunayoinusa mvua ya kwanza inapoigusa ardhi kavu, na ndiyo ile ile iliyomo ndani ya bitiruti. Kwa hesabu ya pua, basi, jamaa wa karibu wa mumi katika soko zima ni bitiruti. Kwa hesabu ya macho ni balaa: mchuzi unatoka mwekundu kiasi kwamba mgeni anauliza kwa upole kama kuna mtu amejikata jikoni. Mpishi akitia limau ili kuokoa hali, tindikali huivunja geosmini, kama ifanyavyo kwa mumi mwenyewe, na ladha ya udongo inafifia. Rangi haifi. Inang'aa zaidi.

Omena, yule dagaa wa ziwani, ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo naomba msomaji avute kiti, maana ndipo mmea una nafasi ya kweli. Omena hana breki; huliwa kichwa, mkia na vyote vilivyo katikati. Kazi yake ni kunyoosha chakula. Konzi mbili kutoka kwenye gorogoro hugeuza nyanya tatu na kitunguu kuwa mchuzi wa watu wanane, na ule uchungu wake mdogo huufanya ugali uliwe kwa makini. Zaidi ya hayo, upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane, na kwa miezi hiyo bei yake hupanda bila kuomba radhi. Kwa bahati, miezi hiyo huanza na mvua za masika, na mvua inaleta mboga na uyoga. Uyoga ule wa masikio mapana ukichanwa kwa mikono kufuata nyuzi zake, hutoa vijiti vyembamba vya ukubwa wa omena. Vianikwe vikauke, kisha vizungushwe kwenye sufuria kavu, bila tone la mafuta, mpaka vianze kunukia kama moshi na kugonga sufuria kwa sauti. Hapo ndipo kitunguu, mafuta na nyanya huruhusiwa kuingia. Uchungu uletwe na mboga ya mitoo, utelezi uletwe na mboga ya apoth, na unene uletwe na njugu zilizosagwa. Lakini njugu zilegezwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, kwa sababu zikitupwa donge zima kwenye sufuria ya moto, hushika chini na kugeuka lami ambayo wizara ya barabara ingeifurahia. Magadi nayo ni ncha ya kijiko tu. Aliyezidisha magadi hupata mboga laini sana, yenye ladha ya kufua. Na uyoga wa porini ununuliwe kwa anayeujua, kwa kuwa kosa hilo halina awamu ya pili.

Atakayesema mchuzi huo si omena amesema kweli, wala sitabishana naye. Nauliza tu: je, umenyoosha chakula? Watu wanane wamekula? Uchungu upo? Basi kazi imefanyika. Tena tusijifanye kwamba pua zetu ni za kitawa katika jambo hili. Nchi nzima hutia unga wa Royco kwenye sukuma wiki, na familia inakula mboga yenye harufu ya ng'ombe ambaye hajawahi kukaribia jiko hilo, wala hakuna anayedai amedanganywa.

Pingamizi zito zaidi ni la afya, na hilo halijibiwi kwa mzaha pekee. Samaki hutoa protini, na omena, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, hutoa pia kalisi. Biringanya, kwa upande huu, ni maji yaliyovaa suti ya zambarau. Anayeondoa samaki na kuweka biringanya kila siku amewapunja watoto. Ndiyo sababu kazi ya protini lazima ipewe wanaoiweza: njugu, maharagwe, ndengu, kunde, soya. Nyama ya soya ilowekwe, ikamuliwe mpaka itoe maji yake yote, ndipo ikutane na mafuta. Isipokamuliwa hulipuka na kumfukuza mpishi mpaka uani. Majani ya kijani yaletwe kwa ajili ya kalisi, hasa ile mboga ambayo Wajaluo huiita dek, Wakisii chinsaga, Wakipsigis isagek na vitabu vya Kiswahili mgagani, majina manne katika soko moja na fungu ni lile lile. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa, na hapo Sondu ina jibu la kale: maziwa kwenye mboga. Asiyekula kitu chochote cha mnyama atafute vidonge, wala asisubiri mwani umwokoe.

Kuhusu kama mtu anaweza kuishi bila samaki, ushahidi uko kilomita chache tu kupanda mlima. Wafugaji wa nyanda za juu za Bonde la Ufa kwa jadi hawakuwa na mazoea ya samaki, na kwa jinsi vijana wao wanavyokimbia mbio za masafa marefu, haionekani kama ukosefu huo uliwachelewesha popote. Upande wa ziwani nako hoja ya kuacha baadhi ya samaki si ngeni. Waadventista walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, walikuja na sura ya 11 ya Mambo ya Walawi, inayomtaka samaki awe na mapezi na magamba. Mumi hana magamba, akaanguka mtihani siku hiyo hiyo. Tena daktari John Harvey Kellogg, aliyelelewa katika kanisa hilo hilo kule Battle Creek, Marekani, alikuwa ameanza kutengeneza vyakula vya njugu vya kuiga nyama kabla karne ya 20 haijaanza. Kwa hiyo anayedhani haya ni mambo ya vijana wa Nairobi na simu zao amechelewa zaidi ya miaka mia.

Hukumu yangu basi haiko sawa kwa samaki wote. Mchuzi wa omena unaweza kukabidhiwa uyoga, njugu na mitoo kuanzia Aprili hadi Julai bila aibu yoyote. Samaki wa kukaushwa kwa moshi, uyoga mkavu unamkaribia. Mbuta wa kitoweo, ambaye kazi yake ilikuwa kushibisha, soya inamtosha. Ningu hana mrithi, na bitiruti libaki kwenye saladi. Ngege mzima wa kukaangwa hakuna mmea unaomweza, wala usitafutwe. Asipopatikana, pikeni ndengu na mziite ndengu. Mwenye kuamua kupika biringanya kama samaki apike, ni nyumba yake na mafuta ni yake. Ila mgeni aambiwe kabla hajanawa mikono.