Majiwe Tu, Papa

Jiwe la Katanga nilijuana nalo kwa gego. Ilikuwa Likasi, Kongo, mezani kwa watu, mbele yangu bukari ya moto, ndio ugali wao, na maharage yaliyoiva mpaka yakapasuka, na mimi mgeni wa pwani nikila kwa njaa ya barabara. Gego likalia ka! Nikasimamisha taya, nikatulia kama mtu aliyekumbuka deni katikati ya harusi. Mama mwenye nyumba alisikia. "Pole, papa," akasema, "ni kajiwe tu." Nikalitoa kwa ncha ya ulimi, nikaliweka ukingoni mwa sahani. Dogo kuliko punje ya mtama, jeusi, limekaa pale bila haya.

Kajiwe. Sisi wa Dar es Salaam tukilipunguza jiwe tunapata kijiwe, na kijiwe hakitemwi. Ni pale chini ya mwembe, pikipiki zimeegeshwa, kahawa inamiminwa kwenye vikombe vidogo, na baraza la mawaziri linavunjwa kila jioni na watu wasio na hata nauli ya kwenda Dodoma. Wamekalia ndoo, tairi, benchi lililokatika mguu. Jiwe lenyewe halipo. Liliondoka zamani likaacha jina, na watu wamekaa juu ya jina. Tangu usiku ule wa maharage nimekuwa nikitafuta neno jingine la Kiswahili lenye adabu hiyo, sijalipata. Dhahabu ina waimbaji wake, lulu ina washairi, almasi ina maharusi. Jiwe halijapata hata asante. Acha leo nilisifu mimi.

Kwanza, halichagui kazi. Likidondoka kutoka mawinguni ni mvua ya mawe. Likijificha ndani ya figo ni mawe vilevile, na daktari atakutoza. Ardhini ni makaa ya mawe, kifuani ni moyo wa jiwe, Makka mahujaji wanaokota vijiwe vya kumpigia shetani. Jikoni yakiwa matatu yanabeba chungu bila kunung'unika, hata yakabadilishiwa jina yakaitwa mafiga, na wanasiasa wakayaazima kuombea kura. Sokoni linakaa upande mmoja wa mizani likisema ukweli, ama likisema alichofundishwa na mwenye duka. Na wazee wa pwani walipochoshwa na upuuzi wa mtu walitamka neno moja tu, "Mawe!", na hoja ikafia hapo.

Ninalolipenda zaidi ni jiwe la msingi. Hilo huja na ving'ora, zulia na kwaya. Mheshimiwa anavuta kitambaa, jiwe linaonekana, lina jina lake na tarehe, watu wanapiga makofi. Kisha masika inapita, majani yanaota, mbuzi anakuja kujikuna ubavu palepale kwenye jina. Jengo halijafika. Jiwe lilifika siku ileile na saa ileile iliyotangazwa. Mnataka lifanye nini tena?

Wanasarufi nao wanalijua kwa utundu wake. Moja ni jiwe, mengi ni mawe: likiongezeka linapungua, linavua ile "ji" mlangoni kama viatu. Lamu wanasema iwe. Wabemba wanasema ibwe, Waluba dibwe, na kusini ya Zambezi jiwe hilohilo limepewa nchi nzima, Zimbabwe. Watu wa Likasi wao hawakuona sababu ya kulivua viatu: jiwe, majiwe. Msahihishaji wa Unguja atakunja uso, lakini mimi naona ni haki. Katika mji uliojengwa na madini, wingi wa jiwe usipungue hata silabi. Na sithubutu kusema kwamba ile "bwe" iliyoko mwisho wa jina la Shinkolobwe, mgodi wa jirani, ndiyo hiyohiyo. Wapo wanaolihusisha jina hilo na tunda linalounguza likiminywa. Tunda au jiwe, la kuungua lipo.

Babu yangu alikuwa na redio iliyokula mawe manne. Mawe yakiishiwa nguvu, sauti ya mtangazaji ilizama taratibu kama mtu anayeteremka kisimani. Babu aliyatoa, akayang'ata kidogo ubavuni, akayapanga juu ya bati yaote jua, na jioni yalimpa taarifa ya habari; si nzima, mpaka karibu na michezo. Sisi watoto wa shule tulicheka, betri za kiwandani kuitwa mawe! Leo simu nyingi zina betri yenye kobalti, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na wachimbaji wa ukanda wa Katanga wanaitoa ardhini ikiwa jiwe jeusi. Babu alikuwa sahihi kabla ya wakati wake, na ningependa kumwomba radhi.

Jiwe limefika hata Ikulu. Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba yeye ni jiwe, na nchi ikalidaka jina hilo, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kunong'ona. Juni 2020, Saniniu Laizer, mchimbaji wa Simanjiro, akaiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, na rais akampigia simu kumpongeza. Kwa maneno mengine Jiwe alimpigia mwenye mawe kuhusu mawe, na hakuna Mtanzania aliyepotea njia katika sentensi hiyo.

Lakini hayo yote ni mazoezi. Kipaji kikubwa cha neno hili ni kutosema, na chuo chake kikuu kiko Shinkolobwe, kilomita 20 hivi magharibi ya Likasi.

Mwaka 1915, Mwingereza mtafuta madini aitwaye Robert Rich Sharp aliliona jiwe la huko. Mwaka 1921 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kulichimba. Kilichotafutwa wakati huo kilikuwa radiamu, kitu adimu cha kutibia saratani na cha kupakwa kwenye mishale ya saa ili ing'ae gizani. Mawe yakasafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, huko yakakamuliwa, na urani iliyobaki haikuwa na mwenyewe hasa. Wafinyanzi waliitumia kutia rangi vyombo.

Hapo ndipo jiwe lilipobatizwa. Mawe ya Shinkolobwe ni mazuri, lazima nikiri: jeusi zito kama ubaya, na juu yake maganda ya manjano ya ndizi mbivu, machungwa ya kutu, kijani cha sindano nyembamba kama manyoya ya kiwavi. Mabwana waliyaangalia kwa kioo na kila moja wakalipa jina la mwenzao. Becquerelite kwa Henri Becquerel. Curite kwa Pierre Curie, na mkewe Marie akapata sklodowskite, kwa jina la kwao. Soddyite kwa Frederick Soddy. Schoepite kwa Alfred Schoep, profesa aliyekuwa akiyachunguza. Sharp naye hakusahauliwa, ana sharpite. Mahali penyewe pakapata kasolite, kwa sababu mgodi uliitwa pia Kasolo. Aliyeshika chepe simwoni katika ubatizo huo, wala yule aliyeinama kuyachambua kwa mikono mitupu, hili kulia, hili kushoto, kama mama anavyochambua maharage. Kwake yeye yote yalikuwa mawe. Neno moja lilimtosha, na kampuni haikuona haja ya kumwongezea la pili.

Wanahistoria wanasema zama za mawe zilikwisha zamani sana. Nadhani barua hiyo haikufika Katanga.

Serikali yenyewe watu waliiita Bulamatari, mvunja mawe. Jina hilo alipewa kwanza Henry Morton Stanley, alipokuwa akipasua miamba kando ya mto Kongo ili apitishe barabara, kisha likahamia kwa kila mzungu mwenye mhuri. Angalieni basi heshima ya jiwe: dola nzima, yenye magavana na magereza, ikajulikana kwa kile ilichokipiga nyundo.

Agosti 1939 Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, na ndani yake Kongo ya Wabelgiji ikatajwa kuwa chimbuko muhimu kuliko yote la urani. Mwaka uliofuata Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, akatuma New York zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe, yakawekwa ghalani Staten Island. Yakakaa. Karibu miaka miwili yakakaa ndani ya mapipa, hayana mgeni, mpaka Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipobisha hodi ofisini kwa Sengier. Dhahabu ingeibiwa katika wiki ya kwanza. Jiwe lina subira. Na wenye kujua hawakuamini macho yao: Amerika ya Kaskazini jiwe lenye urani isiyofika hata nusu ya asilimia moja lilihesabiwa zuri, na haya ya kwetu mengine yalifika asilimia 65.

Baada ya hapo kazi ya kila mtu ikawa kunyamaza, na kwa kunyamaza hakuna neno bora kuliko jiwe. Mgodi ulikuwa umefungwa ukajaa maji. Wahandisi wa jeshi la Marekani wakaja kuufufua. Majasusi wa Marekani walioletwa kuulinda usije ukawanufaisha Wajerumani waliambiwa waseme wanafuatilia magendo ya almasi. Jiwe likafunikwa kwa jiwe. Sehemu ya shehena ikapitia bandari ya Matadi, na matadi kwa Kikongo ni mawe. Hebu mfikirie karani wa bandari, amekaa Mawe, anaandika mawe, kwa amri ya Mvunja Mawe, halafu umwambie atoboe siri. Siri gani?

Agosti 6, 1945, sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa juu ya Hiroshima ilikuwa imetoka katika shimo hilo. Mtu mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi za mawe mbele ya benki, pengine akisubiri mlango ufunguliwe. Mwako uliyachoma mawe yote ya pale isipokuwa sehemu aliyokuwa amekalia, na kivuli chake kikabaki. Ngazi hizo zimewekwa katika makumbusho ya mji huo. Katika sifa zote za jiwe hii ndiyo ambayo sijui niisome kwa sauti gani, kwa hiyo naiacha hapa.

Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946, na baadaye madini mengine ya Katanga yakaitwa sengierite. Kabla ya uhuru wa 1960 Wabelgiji waliziba shimo kwa zege. Zege ni saruji, mchanga na kokoto, na kokoto ni mawe yaliyopigwa. Basi mawe yakafungwa kwa mawe, Bulamatari akapanda ndege.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja wachimbaji wengine, maelfu, wenye sululu na tochi za kichwani, kutafuta kobalti. Zege hawakuligusa, walichimba pembeni. Hawakuja kwa ajili ya urani na hakuna aliyewalipa kwa ajili ya urani, ila jiwe halitoki ardhini peke yake, hutoka na ndugu zake. Mnunuzi alipima gunia na kulipia majiwe. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kupafunga. Julai shimo likaporomoka na kuua watu 8. Agosti kijiji cha wachimbaji kikabomolewa. Watu wa Umoja wa Mataifa walikuja mwaka huohuo na vipimo vyao vinavyolia ti-ti-ti, wakaandika ripoti nene. Ripoti ina maneno mengi. Huku wanaotumia moja bado wanalitumia.

Wewe mwenyewe liangalie likifanya kazi. Jioni, barabara ya vumbi jekundu, baiskeli inasukumwa maana haipandiki: gunia limelazwa kwenye fremu, jingine nyuma limefungwa kwa mpira wa tairi, magurudumu yamekaa karibu na rimu. Kijana anasukuma kwa bega, malapa yamelika kisigino. Mbele kamba imekatiza njia, na mwenye kamba ameshasimama.

"Kuko nini mule?"

"Majiwe tu, papa."

Yule wa kamba analipiga gunia teke la kivivu. Linajibu ka!, sauti ileile ya gego langu. Anainama, anaishusha kamba chini, na gurudumu la mbele linavuka.